Shimo Ambalo Sikulichimba

Hospitalini, Muleba
Jumatano, 16 Julai 2025

Mpendwa dada yangu Benigna,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinamsumbua Evelyne tangu Pasaka kimepoa. Pole pia na kusimamia mitihani, najua miguu yako haipendi kusimama siku nzima. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama. Wifi yako Jovitha na watoto wako nyumbani Kishanda, nao hawajambo. Mama yuko kitanda cha tatu kutoka dirishani, mimi niko kwenye benchi hapa nje ya wodi, naandikia juu ya goti. Ukiona mistari imepinda usichukue kalamu nyekundu, mwalimu.

Utashangaa mtu mliyeongea naye jana kwa simu leo anakuandikia barua kama enzi za Baba. Dada, simu nimeijaribu. Jana asubuhi nilikwambia Mama amelazwa kwa uvimbe wa mkono, na hilo ni kweli. Jioni nikakupigia tena nikiwa nimejipanga kusema yote, ukapokea, nikajikuta nakuuliza kama mvua imenyesha Bukoba. Ukasema haijanyesha. Nikasema na huku haijanyesha, tukaagana. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitaka jambo zito liandikwe, eti kwenye simu mtu anameza nusu ya maneno yake. Basi nimenunua daftari hapa dukani. Vestina, jirani yetu, anakuja Bukoba kesho na gari la kwanza, na nimemwomba akupe mkononi mwako, si mbele ya watoto.

Kabla sijaanza, kuna mambo uyashike. Mama yu hai na anaongea. Jingine ni kwamba fundi Gozbert, uliyempanga aje Jumamosi kujengea kaburi la Baba, nimempigia asubuhi hii nikamwambia asije. Nimemdanganya kwamba saruji imelowa. Nakuomba usimpigie kumrudisha. Asije yeye wala kibarua wake, na mtu wa kwetu yeyote asilisogelee kaburi lile. Najua marumaru umeshazinunua, najua Padri ameshapangiwa misa ya mwaka mmoja. Lakini naogopa, dada. Naogopa kuliko siku nilipopotea porini nikiwa darasa la pili. Nipe nafasi nieleze kila kitu mahali pake, maana nikirukia mwisho utaitupa karatasi.

Ilianza Jumamosi ya tarehe tano. Rutaihwa, jirani yetu wa chini, yule mwenye mbwa wanaovaa njuga, alikuja asubuhi nikiwa naanika kahawa. Akaniambia mbwa wake wamemkuta pongo dume kwenye matete ya bondeni, chini kidogo ya chemchemi, na kwamba mnyama mwenyewe hakimbii. Neno hilo tu lingenitosha. Pongo gani anasubiri mbwa? Wewe unakumbuka tulivyokuwa tukimfuata Baba siku nzima na kurudi mikono mitupu, kwa sababu pongo husikia hata unyasi ukivunjika. Rutaihwa akasema Mungu ametukumbuka, na mimi mwenye tamaa nikaitikia amina. Kuwinda bila kibali ni kosa. Nilijua, Rutaihwa alijua, na hata mbwa nadhani walijua. Tukaenda na mkuki mmoja na kamba.

Tulimkuta amelala ubavu, anahema kwa shida. Rutaihwa alimchoma mara moja tu. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na haikuganda, na nyingine ilikuwa imeshatoka puani kabla mkuki haujamgusa. Niliiona. Nataka ujue kwamba niliiona. Nikamwuliza Rutaihwa mbona damu iko vile, akasema huyu ni pongo mzee na damu ya wazee ndivyo ilivyo. Nikaridhika, kwa kuwa nilikuwa nataka kuridhika.

Tulimchuna na kumpika kwa Rutaihwa, si kwetu. Sababu unaijua: kwa ukoo wa Mama pongo ni omuziro, mwiko wao waliozaliwa nao. Mama hamli, hamgusi, na hataki hata sufuria iliyompika ivuke mlango wake. Baba akipata pongo alikuwa anamalizia mambo yote kwa jirani, ananawa, anabadilisha na shati, ndipo arudi nyumbani. Mama hakumsema, ila siku hiyo hakumpokea mkuki.

Na Baba alikuwa na lake. Hakuruhusu mtu aonje hata ini kabla shimo halijafukiwa. Matumbo, kichwa, ngozi, kwato, hata udongo ulionyonya damu, vyote viliingia shimoni siku ileile, mbali na maji na mbali na migomba, shimo la kumfika mtu mzima mabegani, majivu juu yake na mawe juu ya majivu. Sisi tunalia njaa, yeye anachimba. Nilidhani ni ukali wake wa ukatekista tu. Sikumwuliza sababu, na yeye hakuwa mtu wa kutoa sababu.

Sisi siku hiyo tulionja kwanza. Ini lilikwisha kabla ya saa sita. Mabaki yote tuliyatia kwenye kiroba cha mbolea, na mimi nikapewa kazi ya kuchimba kwa sababu Rutaihwa ndiye aliyechuna, tena mfupa ulikuwa umemkwaruza mkono. Nikaanza kuchimba nyuma ya nyumba yake. Ardhi ya kiangazi unaijua, jembe linarudi juu kama limegonga sakafu. Shimo lilikuwa halijafika magotini pale mke wake alipokuja mbio kusema kuna gari jeupe la serikali ofisini kwa mtendaji, na watu wenye sare wanapita nyumba kwa nyumba. Akili ilinitoka. Nilijiona niko mahabusu tayari, Jovitha ananiletea ndizi kwenye bakuli. Nikakitupa kiroba mgongoni, kinachuruzika, nikakimbia nacho kupitia migomba hadi kwetu. Nikakificha mahali ambapo niliamini hakuna mtu atakayechimba. Mahali hapo nitapataja, usinikimbize.

Unajua lile gari lilikuwa la nani? La watu wa vyandarua. Walikuwa wanahesabu vyandarua na kuona vilivyotoboka. Wakaniuliza kwetu viko vingapi, nikawajibu vinne, huku damu ya pongo imenikaukia kisiginoni. Wakanishukuru wakaenda kwa jirani.

Jumatatu, pale Rutaihwa alipokwaruzwa palitoka kipele, na kufikia Alhamisi kipele kikawa kidonda cheusi katikati kama kipande cha mkaa. Alisema hakiumi. Lakini mkono ulivimba hadi kwapani, na alipoanza kutetemeka walimleta hapa hospitali. Kesho yake bwana mifugo wetu, Kyaruzi, alifika kwangu na pikipiki. Tuliketi pembeni ya mkeka wa kahawa, akanieleza taratibu kwamba wanashuku kimeta. Majibu ya maabara bado, alisema, lakini hawawezi kuyasubiri. Akanieleza kwamba mnyama aliyekufa kwa kimeta hapasuliwi, kwa sababu ukimpasua vijidudu vinaingia udongoni na vinaweza kukaa humo miaka mingi kuliko niliyoishi mimi, vikimngoja ng'ombe anayelisha au mkono wenye mchubuko. Wote waliokula wakaandikwa wapewe dawa siku ileile. Mimi nilimeza vidonge vya kwanza mbele yake.

Kisha akaniuliza mabaki yako wapi. Aliniuliza kwa upole, dada, angenifokea ingekuwa nafuu. Akasema yeye si askari wa wanyamapori na hana pingu. Alichotaka ni kuyateketeza kwa moto, kuweka chokaa, na kuyafukia chini sana kabla hayajamdhuru mtu mwingine.

Nikamwambia tuliyatupa bondeni, kwenye matete.

Neno lilinitoka tu, na likishatoka sikuweza kulirudisha. Jumamosi nzima Kyaruzi na vijana wa kitongoji walizunguka bondeni na buti za mpira, wanapekua matete, wanamwaga chokaa. Hawakukuta kitu, wakasema labda maji yameyasomba. Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba chemchemi imefungwa, mtu asichote wala kunywesha mifugo. Tangu hapo wanawake wa Kishanda wanapanda kilima hadi ng'ambo ya shule, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na dumu kichwani. Wanapita mbele ya mlango wangu. Wananipa pole kwa yaliyompata jirani yangu. Jovitha naye yumo kwenye msafara huo, akirudi anatua dumu na kukaa chini. Na Rutaihwa, alipoulizwa kitandani, alisema ni kweli, mabaki aliyatupa yeye mwenyewe bondeni. Hakujua nilikoyapeleka. Alisikia nimesema bondeni, akanibebea.

Orodha ya waliokula ilikuwa na watu tisa. Mama hakuwemo. Ni nani angemwandika Mama kwenye orodha ya walaji wa pongo?

Sasa nafika kwa Mama. Tangu nimepata akili namwona akimenya ndizi, kisu mkono wa kulia, ndizi mkono wa kushoto, macho yako kwa wapita njia. Juzi Jumatatu nilimkuta jikoni ameshika kisu kwa mkono wa kushoto. Anakata ndizi vipande, maganda yana nyama nusu, na mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga. Nikamwuliza ana nini, akasema siafu. Nikamwomba nione. Akasema siafu haonyeshwi mtu, nikachote maji. Nilimbembeleza mpaka sufuria ikaungua, na mwisho nikaufungua mkono kwa nguvu kama mtu anayemvua mtoto nguo. Kidole cha shahada kimevimba, na juu yake kidonda, katikati cheusi kabisa. Nikakaa kwenye maganda ya ndizi.

Jana asubuhi nikamleta hapa. Daktari ni kijana mmoja mtulivu. Alijua kuna mgonjwa wa Kishanda wodi ya wanaume, kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa kama Mama amekula au amegusa nyama ile. Mama akageuka kutazama ukuta. Nikajibu mimi. Nikasema Mama hali pongo wala hagusi, ni omuziro wa kwao, mtu yeyote wa Kishanda atamwambia. Hakuna neno la uongo hapo. Lakini kuna kitu nilikijua na yeye hakukijua, nikakikalia. Akaandika dawa za jipu la kawaida, akasema ataangalia tena kesho.

Ndipo nikakupigia. Ukaniambia nisihangaike na mambo ya Jumamosi, fundi atakuja kama mlivyopanga, ili Mama akirudi akute kaburi la Baba limekwisha na asiwe anapalilia tena kwa mikono yake. Ulisema hivyohivyo, kwa mikono yake. Nikasema sawa dada.

Kiroba kile nilikizika kwenye kaburi la Baba.

Nimeandika. Sasa soma na kilichobaki. Unakumbuka uliniagiza nilijaze udongo kwa sababu lilititia wakati wa masika, ili fundi akute limekaa sawa. Nilikuwa nimelijaza Alhamisi, siku mbili kabla ya pongo. Nilipotokeza kwenye migomba na kiroba mgongoni, kitu pekee chenye udongo laini katika kibanja kizima kilikuwa kile. Udongo mpya pale usingemshangaza mtu. Na nani atachimba kaburi la mtu? Niliyang'oa maua ya Mama, nikachimba kina cha kiwiko tu, nikafukia, nikarudisha maua na nyasi. Halafu nikapiga magoti na kufanya ishara ya msalaba, ili mtu akiniona kwa mbali adhani nasali. Hiyo ndiyo inayoniamsha. Baba hakuonja ini kabla hajaona shimo limefukiwa, na mimi nimemfanya yeye mwenyewe kuwa shimo.

Na nilijua Mama hukaa pale kila asubuhi na rozari yake, aking'oa magugu. Baada ya Kyaruzi kuondoka siku ile ya Ijumaa nilimwambia asiguse tena udongo wa kaburi, nikasingizia kwamba ni agizo la fundi. Hakuuliza kitu. Akatikisa kichwa tu kukubali, na mimi nikajipa moyo kwamba nimemkinga.

Leo asubuhi uvimbe ulikuwa umepita kiwiko na mwili wake unawaka moto. Sikuweza tena. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia yeye kwanza, kabla ya daktari. Nilimwambia kiroba kiko wapi. Nilitegemea alie, au anilaani, ana haki. Akaweka ule mkono mzima kichwani kwangu, akasema kwa Kihaya ninyamaze, mwana wange, yeye anajua.

Anajua tangu asubuhi ya Sabasaba, dada. Alikwenda kaburini na rozari akakuta mbwa wa Rutaihwa wamefukua. Kwato moja na kipande cha ngozi vilikuwa vimetokeza katikati ya maua. Alivitambua papo hapo. Alisema alisimama muda mrefu. Ana miaka sabini na moja na alikuwa hajawahi kumgusa mnyama huyo, hata alipokuwa binti mdogo kwao. Akawaza kwamba mbwa wakivikokota hadi barabarani, askari watanichukua mimi, na watoto wangu watabaki na nani. Basi akawafukuza mbwa, akaishika ile kwato kwa mkono wake wa kulia, akairudisha chini, akashindilia udongo kwa viganja. Akaenda kunawa kwa majivu. Hakumwambia mtu, hata mimi hakuniambia, asije akaniaibisha.

Kipele kilipomtoka aliamini ni omuziro unamwadhibu, kwa kuwa amegusa alichokatazwa. Wazee wa kwao waliwafundisha hivyo, kwamba ngozi ya mwenye kuuvunja huharibika, na kwamba hakuna hospitali yenye dawa yake. Tena aliona kwamba akisema amegusa, ataulizwa amegusia wapi. Kwa hiyo akaufunga mkono ndani ya kanga siku nne. Na jana, nilipomwapia daktari kwamba Mama hagusi pongo, alitazama ukuta kwa sababu alikuwa ananisaidia kudanganya.

Nilitoka pale mbio nikamshika daktari mkono mbele ya wagonjwa wengine, nikamwambia yote. Hakunifokea. Alibadilisha dawa palepale, wakamwekea dripu, na nesi amekuwa akija kila baada ya muda kupima joto. Daktari anasema kidonda cha ngozi wengi hupona, dawa ikiwahi. Nikamwuliza kama imewahi. Akasema siku mbili hizi ndizo zitakazoonyesha kama kimeta kimeingia kwenye damu. Sikupenda alivyonitazama akisema hivyo. Siku moja nzima, dada, Mama amelala hapa na dawa isiyo yake, kwa sababu mimi nilijibu vizuri.

Kisha nikampigia Kyaruzi. Aliniuliza tu kama tumemwagia maua maji. Sasa hivi kaburi limezungushwa miiba na mgambo anakaa pale, mbwa wamefungwa, na Rutaihwa na mkewe wote wameambiwa. Ijumaa saa tatu asubuhi watakuja na watu wa wilaya, glavu, kuni, mafuta na chokaa. Watatoa kiroba na udongo wote uliokizunguka, watateketeza kila kitu pamoja na maua, na kitakachobaki kitaenda kwenye shimo refu kule juu kwenye rweya, kwenye nyasi tupu, mbali na maji na migomba. Ameniahidi kwamba Baba hawatamfikia, yeye yuko chini sana. Hilo nilimwuliza mara tatu. Chemchemi nayo ataifungua, kwa kuwa haikuwa na kosa lolote. Taarifa yake lazima ataiandika, na wenye wanyamapori wataisoma. Wakija nitakwenda nao, sitakimbilia tena kwenye migomba.

Mimi ndiye omusika, mrithi wa kibanja na nyumba, lakini hata hivyo jembe haliwezi kugusa kaburi la Baba kwa neno langu peke yangu, hasa sasa ambapo neno langu halina uzito. Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza. Ndiyo maana nimekuandikia. Nipe ruhusa, au njoo uitoe mwenyewe, na naomba uje. Waache Evelyne na wadogo zake hapo nyumbani Kahororo. Vaa buti. Usije na maua. Nitasimama mbele ya wanawake waliobeba madumu niwaambie chemchemi ilikuwa safi siku zote hizi, na sijui kama sauti yangu itatoka usipokuwepo. Halafu tutapanda pamoja hadi rweya, na tutakaa pale mpaka shimo lifukiwe kabisa, majivu na mawe juu, kama alivyokuwa akifanya. Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nitauomba nikikuona.

Nisalimie shemeji, na umwambie mwenyewe kadiri utakavyoona. Evelyne mwambie bibi yake anaumwa, lakini anamuulizia. Rutaihwa ameanza kunywa uji. Nilikwenda kumwambia ukweli, akageukia upande wa ukuta, ila nilipotaka kuondoka akaniuliza Mama anaendeleaje. Vestina atakusubiri uisome, kama una jibu la kumpa.

Mama naye anakusalimu sana. Ameniita sasa hivi akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni wewe, na kwamba nimeandika yote. Akafunga macho nikadhani amelala. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba nililazimika kuinama, nikuandikie na hili: Ijumaa usimgombeze mdogo wako mbele ya watu.

Ni mimi mdogo wako,
Ildefons